Samaki wa Mgeni Rasmi

Nchi hii ukitaka kujua mgeni rasmi atapita njia gani, fuata mawe meupe. Shule inaweza kukaa miaka bila madawati, lakini siku mkubwa anapokuja, mawe ya kandokando ya njia yake yatapakwa chokaa na kupangwa mistari miwili iliyonyooka, na walimu wazima wenye vyeti vyao watasimama juani kukagua kama kuna jiwe lililorukwa. Zahanati isiyo na dawa itafagiliwa mpaka ardhi yenyewe ichoke. Mgeni akifika anaona weupe, anasifia weupe, anakula pilau, anaondoka. Mvua ya kwanza inaosha chokaa na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Ni upuuzi, lakini ni upuuzi usioua mtu, na tumeshauzoea.

Kijiji cha Nkwanyi nacho kilipaka chokaa. Tofauti ni kwamba kilichopakwa pale hakiwezi kurudi kilivyokuwa hata mvua inyeshe mwaka mzima, na mwenye kitu chenyewe alikuwa mtoto wa palepale, Dokta Agripina Mkumbo.

Agripina alizaliwa Nkwanyi kwa wakulima wa mtama na alizeti, mkoani Singida, mwendo wa bodaboda kutoka Issuna ukishaiacha lami. Mama yao alifariki Agripina akiwa bado mdogo wa kubebwa, akalelewa na dada yake Emiliana, ambaye naye alikuwa msichana tu. Emiliana aliacha shule ili mdogo wake asome. Hakuwahi kulisema jambo hilo kwa uchungu. Alilitaja kama mtu anavyotaja kwamba jana alikwenda mashineni kusaga. Kwa hiyo Agripina, hata alipopata udaktari wa vitabu, hata alipoota mvi, akifika nyumbani alipiga goti kidogo akasema shikamoo dada, na dada akishasema jambo hili liko hivi, basi liko hivyo. Kumpandishia Emiliana sauti ni kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani mwake.

Nyuma ya shamba lao kuna korongo. Kila mwaka maji ya mvua hulikata zaidi, na kuta zake ni za jiwe laini, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Siku moja, akichunga mbuzi, Agripina alipasua kipande cha jiwe hilo kwa jembe bovu, ndani akakuta samaki. Samaki mzima, uti wa mgongo, mapezi, mpaka tundu la jicho. Nkwanyi hiyo, ambako maji ya kunywa hufuatwa kwa baiskeli na madumu! Alimpeleka mbio kwa dada yake jikoni. Emiliana akamtazama samaki, akamtazama mdogo wake, akasema, "Usiniletee mambo ya ajabu mimi. Nenda kafunge mbuzi." Mbuzi walifungwa, lakini samaki hakumtoka Agripina kichwani, wala hajamtoka mpaka leo.

Akasoma paleontolojia, yaani elimu ya visukuku, viumbe vya kale vilivyogeuka mawe. Kazi yenyewe aliianzia Lindi, ambako zamani sana bahari ilipanda nchi kavu, ikaacha konokono na kombe zake ndani ya miamba. Alipiga magoti miaka mingi kwenye mawe hayo ya bahari, jua linamchoma shingo, akijifunza sheria moja ambayo kwake ikawa sawa na amri ya kanisani: kisukuku bila tabaka lake ni kokoto. Ukimtoa konokono kwenye mwamba bila kujua alilala juu ya nini na chini ya nini, hujapata elimu yoyote. Umepata kitu cha kuzuilia mlango usipigwe na upepo.

Kisha akarudi kwao, kwenye korongo lake. Kila likizo ya chuo alichokuwa akifundisha, wenzake walikwenda mijini kuona watoto na wajukuu, yeye akapanda basi la Singida na nyundo yake. Watu wa Nkwanyi walimwita Mama Samaki. Wengine walisema amesoma mpaka akapitiliza. Waliomtetea ndio waliomkera zaidi, maana walitangaza kwamba Dokta amegundua bahari ya Nuhu. "Si bahari," alisema Agripina sokoni, kanisani, hata msibani. "Bahari haikufika huku. Hili lilikuwa ziwa." Ziwa! Nani anataka ziwa? Singidani lipo, Kindai lipo, mtu akishuka basi Singida Mjini anayaona bila kuwa na digrii. Bahari ilikuwa na heshima zaidi, basi wakabaki na bahari yao, naye akabaki na ghadhabu yake.

Na ziwa hilo lilikuwa na habari ya kusimulia. Kila msimu wa mvua maji yalileta tope jeusi chini ya ziwa. Kila kiangazi kikaacha juu yake utando mweupe. Jeusi na jeupe, mwaka mmoja. Tena jeusi na jeupe, mwaka mwingine. Ukuta wa korongo ulikuwa miaka iliyolala mmoja juu ya mwenzake, na ndani ya miaka hiyo samaki. Agripina alihisi, kwa vipande vichache alivyokwisha kupima, kwamba wale wa chini walikuwa wakubwa na kadiri unavyopanda walikuwa wanadumaa, kizazi baada ya kizazi, ziwa linakauka, maji yanageuka magadi, samaki wanakuwa wadogo, wadogo zaidi, halafu hakuna. Alitaka kujua ilichukua muda gani. Alitaka kujua kama palitokea dalili kabla. Watu wanaoishi kwenye ardhi kame, alisema, wana haki ya kujua ziwa la kwao lilikufaje. Hilo tu ndilo alilolitaka, na sijui kama ni jambo kubwa la kuiomba dunia.

Basi ikaja barabara. Mkandarasi alitafuta kifusi cha kushindilia, akapita Nkwanyi, akaliona korongo, akalipenda. Jiwe laini, linachimbika kirahisi, liko karibu. Agripina alizunguka ofisi hadi soli za viatu zikaisha. Kila mezani alisikilizwa kwa adabu na kuambiwa asubiri, mpaka mmoja wa wakubwa, ambaye sitamtaja kwa cheo wala kwa jina, akasema vizuri, atakuja mwenyewe Jumamosi aone kwa macho yake. Kama kuna kitu cha kulinda, mkandarasi atafute kifusi kwingine. Kama hakuna, Jumatatu aanze kuchimba.

Ndiyo hiyo kesi yenyewe. Ukuta ulikuwa ndio shahidi wake pekee.

Agripina aliuandaa kama mtu anayemwandaa mgonjwa wa kupasuliwa. Sehemu ya chini, ambayo mvua za mwaka ule ndizo zilizoifunua kwa mara ya kwanza, aliisafisha kwa brashi ndogo ya rangi. Samaki ndani ya jiwe haonekani kwa nje. Unachokiona ni mstari wa kahawia mwembamba kama uzi ukingoni mwa tabaka. Kila alipouona mstari huo alipigilia msumari mdogo wenye uzi mwekundu. Mgeni akija, angepasua mbele yake mmoja wa chini, mmoja wa katikati na mmoja wa juu, halafu amwachie aone mwenyewe. Wengine wote wabaki walipolala mpaka yeye Agripina atakapokuja na vipimo na kuwatoa mmoja mmoja.

Ijumaa kabla ya kwenda mjini kufuata vipimo hivyo na turubai, alimwita mtendaji wa kijiji, bwana Kefa, na dada yake Emiliana, ambaye ndiye kiongozi wa kina mama wa kwaya. Akawaambia, "Nawaomba sana. Msiguse kitu. Paacheni hivyohivyo palivyo."

"Usiwe na wasiwasi, Dokta," akasema Kefa.

"Nenda salama, mdogo wangu," akasema Emiliana.

Jumamosi asubuhi alishuka Issuna na turubai lake begani. Dereva wa bodaboda, Leonard, alimpokea akiwa ameng'arisha pikipiki mpaka inaumiza macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nkwanyi wazima?"

"Wazima sana. Leo mama utalia kwa furaha. Mimi sisemi kitu, utaona mwenyewe."

Mawe meupe yalianzia njia panda. Agripina alicheka kidogo, kwa kweli alicheka, akajisemea hawa watu hawaachi. Yaliendelea mpaka shuleni, yakapita kanisani, yakashuka kuelekea shambani kwao. Kadiri yalivyosogelea korongo, kicheko kilimkauka. Aliposhuka kwenye pikipiki aliona kwanza meza ndefu chini ya turubai la kijiji, imetandikwa kitenge kipya.

Juu ya meza walikuwa samaki.

Wote. Kila mmoja ametolewa kwenye jiwe lake, amepasuliwa kwa ustadi, amesuguliwa kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia, kisha akapakwa mafuta ya alizeti ili ang'ae. Wanang'aa kweli. Walikuwa wamepangwa mstari mmoja kwa ukubwa, kuanzia yule mrefu kama mkono wa mtu mzima hadi vile vidogo kama kidole cha mtoto, kila mmoja na maua ya karatasi ubavuni. Agripina aliinua macho kuutazama ukuta. Ukuta haukuwepo. Mashimo yote yalikuwa yamezibwa kwa tope na samadi, yakalainishwa kwa kiganja namna wanawake wa kule wanavyokandika nyumba inapokuja harusi, na juu yake chokaa, kutoka juu hadi chini, nyeupe tupu bila doa.

Kefa alikuja na suti yake, mikono ameitanua. "Karibu nyumbani, Dokta! Unaonaje?"

Agripina akamgeukia. "Mtendaji, niliwaambia nini?"

"Ulituambia tusiguse."

"Sasa hiki ni nini?"

"Hatukugusa, Dokta. Tulisafisha tu." Aliyasema hayo bila chembe ya mzaha, mtu mzima, mwenye mhuri wa serikali mfukoni.

"Mmejuaje walipokuwa?"

"Si misumari yako! Kila penye msumari, samaki. Umeturahisishia kazi ajabu. Na usidhani imepotea." Akaagiza, ikaletwa kopo la maziwa ya unga, akalitikisa. Misumari yote ilikuwa ndani, na nyuzi zake nyekundu zimefuliwa.

Kwenye simu yake Agripina alikuwa na picha za ukuta, nyingi tu. Picha za misumari. Hakuna hata moja inayosema samaki gani alitoka kwenye msumari gani, kwa sababu wakati ule samaki wote walikuwa bado wamefunikwa, na aliyewafunua hakuwa yeye. Alisimama pale na kopo mkononi, akitafuta mtu wa kumfokea. Wa kufokewa walikuwa wengi. Aliyewatangulia wote ni Emiliana, amevaa sare ya kwaya, vidole vimepasuka kwa chokaa, anakuja huku anafuta mikono.

Agripina akapiga goti. Mwili ulipiga goti wenyewe. "Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Umekonda, mjini hawakulishi?" Emiliana akamshika mabega akamgeuza aitazame meza. "Tumekesha na kina Anastazia na Jesca. Nikawaambia, mgeni wa mdogo wangu aje akute ukuta una nyufa, misumari inaning'inia? Atasema huyu dokta hana kwao?"

"Dada, nilisema pasiguswe."

"Ulisema. Na mimi nikawaambia, huyo ndiye Agripina ninayemjua, hapendi kusumbua watu." Akacheka. "Mtu wa heshima akikwambia usijisumbue, ndipo unajisumbua."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na ningependa mtu aniambie utalieleza wapi ukaeleweka. Kwetu mgeni akisema chai haitaki, maji yanabandikwa. Akisema asichinjiwe kuku, kuku anakamatwa. Katazo la mtu muungwana ni adabu, na anayelitii neno kwa neno ndiye mchoyo. Agripina alikulia humo. Alikuwa amewaambia watu wake wasiguse kwa sauti ileile ya upole ambayo angewaambia wasimpikie, na wao wakamjibu kwa upendo wote walionao.

Kabla hajafungua tena kinywa, honi zikasikika. Magari ya mgeni rasmi yalikuwa yakishuka kati ya mawe meupe.

Sherehe ilikwenda kama sherehe zote. Kwaya iliimba. Kefa alisoma risala yenye bahari mwanzo mpaka mwisho. Mgeni rasmi, mtu mnene mwenye uso mwema, alipita mezani akamtazama kila samaki kwa makini ya kweli, na tusimsingizie, alifurahi. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mbaya.

"Dokta," akasema, "hebu nielimishe. Yupi hapa ni wa zamani kuliko wote?"

Kipaza sauti kikasogezwa. Uwanja mzima ukatulia ili mtoto wao ajibu.

"Sijui," akasema Agripina.

Watu wakanong'ona. Mgeni akatabasamu kumsaidia. "Hata kwa kukisia?"

"Mheshimiwa, hadi jana ningekuonyesha kwa kidole. Kila mmoja alikuwa kwenye tabaka lake, mwaka wake, na huyo aliye chini yake na huyo aliye juu yake. Leo wametolewa, wakachanganywa. Sijui, na sitajua. Hakuna mtu yeyote duniani atakayejua."

Kefa hakuweza kuvumilia. Akarukia kipaza sauti. "Mheshimiwa, Dokta amechoka na safari! Mkubwa ndiye mzee. Ndiyo maana tumemweka mbele, kama tunavyokaa sisi kikaoni." Watu wakacheka kwa ahueni, mgeni naye akacheka. Na kilichomchoma Agripina kuliko yote ni kwamba huenda Kefa alikuwa amepatia. Huenda mkubwa ndiye aliyekuwa mzee kweli. Miaka yote ya kupiga magoti ilikuwa ya kulithibitisha jambo hilo, lithibitike hata kwa asiyetaka kuamini, na sasa limebaki mzaha wa mtendaji mwenye suti.

Mgeni rasmi alisimama kwenye jukwaa akashukuru. Akasema hajawahi kuona kijiji safi kama Nkwanyi. Akasema samaki hawa ni urithi wetu, watapelekwa mahali pazuri wahifadhiwe, wawekwe kwenye kioo. Halafu akasema, "Nilikuja hapa na mashaka. Niliambiwa korongo lisichimbwe kwa sababu lina samaki. Nimefika, nimeona kwa macho yangu kwamba kazi ya kuwatoa imekamilika, tena imefanywa na wananchi wenyewe kwa kujitolea. Hongereni sana. Kwa hiyo hakuna tena kikwazo. Jumatatu mkandarasi aanze kazi, ili muipate barabara yenu."

Makofi yalilipuka. Vigelegele vikapanda. Agripina aliinuka akapiga kelele, "Hapana! Mheshimiwa, nisikilize!" Alikwenda hadi kwenye kipaza sauti, lakini mshereheshaji alikuwa ameshafungulia muziki, spika mbili kubwa, na sauti yake ikamezwa. Mgeni rasmi alimpungia mkono kwa huruma, akamwinamia mwenzake akasema kitu, yumkini kwamba Dokta ana uchungu na kazi yake, wakaelekea kwenye chakula. Agripina akageuka kuwatazama watu wake. Katika kundi zima, aliyekuwa akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, mikono juu ya kichwa, machozi yanamtiririka, ni Emiliana.

Alikwenda kukaa chini ya ukuta mweupe, peke yake na hasira yake. Huko nyuma watu walikuwa wakigonga sahani. Baada ya muda dada yake alikuja na sahani ya pilau iliyofunikwa.

"Umesikia lakini?" Emiliana alikuwa bado anafuta macho. "Amesema kazi yako imekamilika. Mbele ya watu wote."

"Nimesikia, dada."

"Sasa mbona umekaa huku kama mfiwa? Kula."

"Jumatatu wanakuja kulichimba hili korongo. Lote."

"Si amesema samaki wameshatoka?" Emiliana aliuliza taratibu. "Kwani ulikuwa unamtaka nani mwingine humu? Hatukubakiza hata mmoja, nilikagua mwenyewe."

Ndipo Agripina alipofanya kile ambacho hakuwahi kukifanya. Alisimama, akampandishia dada yake sauti.

"Samaki sikuwataka! Nilitaka mahali walipolala! Dada, tuseme umerudi kutoka safari ukakuta watu wamefukua makaburi yote ya kwetu. Wameosha mifupa kwa sabuni, wameipaka mafuta, wameipanga kwa urefu juu ya meza. Wanapiga vigelegele. Wanakwambia, haya Emiliana, tumekusafishia. Sasa tuonyeshe mama yako ni yupi!"

Sahani ilibaki mkononi mwa Emiliana. Kwenye meza ya chakula watu wa karibu waligeuka kuwatazama. Hakuna aliyewahi kusikia mdogo akimwambia mkubwa wake maneno kama hayo, tena ya mama yao, na Agripina mwenyewe alisikia jinsi yalivyotoka, akatamani kuyarudisha, na wakati huohuo hakutamani kabisa.

Emiliana aliweka sahani chini, polepole, juu ya jiwe lililopakwa chokaa.

"Yaani ni sisi," akasema. "Aliyekuharibia si yule mkubwa. Ni sisi."

Agripina angeweza kusema hapana. Adabu yote aliyofundishwa ilikuwa inamwambia aseme hapana, dada, msijali, yameshapita. "Ndiyo, dada," akasema. "Ni ninyi."

Emiliana aligeuka akaenda kwenye meza. Watu walimpisha. Aliwapita wale wakubwa wenye maua, akashika samaki mmoja wa katikati, si mkubwa wala mdogo, akamfuta mafuta kwa pindo la sare yake, akarudi naye ukutani.

"Huyu nilimtoa mimi mwenyewe. Kwa kisu changu cha jikoni." Alisimama mbele ya ukuta. "Alikuwa hapa."

"Hapana, mama," akasema Jesca, ambaye alikuwa amemfuata. "Hapo nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa kule kwenye lile bonyeo la ukuta."

"Kwenye bonyeo alikuwa Anastazia."

"Mimi nilikuwa juu," akasema Anastazia, "nilisimama kwenye ndoo." Akaja na wake, na mwingine akaja na wake, mpaka kwaya nzima ikawa imesimama pale na samaki mikononi, wakibishana kwa sauti ya chini, huyu akinyoosha kidole hapa, yule akikishusha kidole hicho pale, na mbele yao ukuta ni mweupe, laini, hauna bonyeo wala ufa wala alama, kazi safi ya mikono yao. Mmoja mmoja walianza kunyamaza.

Emiliana peke yake hakunyamaza. Alikuwa ameweka kiganja juu ya chokaa, anakisogeza kidogo kushoto, anakisogeza kidogo kulia.

"Nitakumbuka," alisema. "Usiondoke, Agripina. Nipe muda kidogo, nitakumbuka."

Hasira ya Agripina ilikuwa haijapungua hata kidogo, na alijua hakuna cha kukumbukwa. Akaketi chini, akamsubiri dada yake.